Kupandikiza Ngozi na Kuhariri Jeni: Je, Ni Kubadili Maumbile ya Mungu?

 

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darsa alitujia na suala, nalo halikuwa suala la mtu atakaye kujua tu. Binti yake alimwagikiwa na sufuria ya maji ya moto, akaungua shingo, kifua na bega. Matabibu wakasema yafaa itolewe ngozi nyembamba pajani mwa mtoto mwenyewe, ipandikizwe pale palipoungua. Baba alikuwa tayari kukubali. Lakini mzee mmoja anayeheshimiwa mtaani akamwambia kwamba kufanya hivyo ni kubadili umbo aliloliumba Mungu. Tena, kwa kuwa siku ya Kiyama ngozi zitatoa ushahidi, ngozi ya paja itashuhudia nini nayo iko shingoni? Baba akaingiwa na khofu, akakataa. Siku zikapita, kidonda kikatunga usaha. Alipokuja kukubali, ngozi ilishika, lakini kovu lilikuwa limekwisha kuivuta shingo. Leo mtoto huyo hawezi kugeuka upande wa kushoto sawasawa.

Sasa baba amesikia kwamba huko Marekani wagonjwa wamewekewa ngozi ya nguruwe ambaye jeni zake zimebadilishwa ili mwili wa mtu usiikatae, naye atuuliza: je, na hili nalo? Twaona ni wajibu wetu kumjibu kwa urefu, kwani kosa la kwanza lilitokana na jibu fupi.

Abu Dawud amepokea kwa Jabir khabari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofikiwa na khabari hiyo aliwakasirikia mno, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, na akabainisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Hatumtaji mzee yule kwa ubaya. Nia yake ilikuwa njema. Lakini nia njema haikuinyosha shingo ya mtoto.

Maulamaa wa fiqhi wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi na tulifahamu kwanza.

Ngozi ya mtu ikitolewa mahali pamoja pa mwili wake ikatiwa mahali pengine, hushika na kuishi. Ikitolewa kwa mtu mwingine, siku za mwanzo huonekana nzuri, nyekundu, yenye damu; kisha baada ya wiki moja au mbili hugeuka rangi, ikakauka na kubanduka. Kwa miaka mingi matabibu waliliona jambo hili wasijue sababu yake. Aliyelifungua fundo hili ni Peter Medawar, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa mzaliwa wa Lebanon. Wakati wa vita vikuu vya pili ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake huko Oxford, rubani akaungua vibaya sana, na Medawar, ambaye hakuwa mpasuaji bali mtaalamu wa wanyama, akaombwa afikiri namna ya kumsaidia. Akaenda Glasgow kufanya kazi na mpasuaji Thomas Gibson. Hapo palikuwa na mwanamke aliyeungua, wakampandikizia vipande vidogo vidogo vya ngozi ya ndugu yake wa kiume. Vikafa. Wakamtia tena vipande kutoka kwa ndugu yule yule, na mara hii vikafa kwa haraka zaidi.

Katika ile haraka ya mara ya pili ndimo mlimokuwa na siri. Lau ngozi ingalikufa kwa kukosa damu au kwa uchafu, mara ya pili ingalichukua muda ule ule. Kufa haraka maana yake ni kwamba mwili ulikumbuka. Ulikwisha kumjua mgeni huyu, ukamwekea askari, na aliporudi ukamkuta yuko mlangoni. Khabari hii waliitangaza mwaka 1943, na mwaka 1960 Medawar akapewa tunzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Wenye kuokoka na hukumu hii ya mwili ni mapacha waliotokana na tumba moja. Joseph Murray wa Boston, kabla ya kuhamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa mwenziwe mnamo Desemba 1954, alianza kwa kubadilishana kipande cha ngozi kati yao. Kiliposhika, akajua kwamba na figo itashika. Na mwaka 2016, mjini Paris, mtu aliyeungua asilimia 95 ya mwili wake aliokolewa kwa ngozi ya pacha wake. Lakini ni wangapi wenye pacha wa namna hiyo?

Anachokitambua mlinzi wa mwili ni alama zilizo juu ya seli, ambazo wataalamu huziita kwa herufi HLA. Ya kwanza katika hizo iligunduliwa na Jean Dausset wa Ufaransa mwaka 1958. Jeni zake zimepangana katika kromosomu ya 6, na mtoto hurithi fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Ndiyo sababu ndugu wa baba na mama mmoja wana bahati ya moja kwa nne tu ya kufanana alama hizo. Na ngozi ni kali kuliko viungo vingi katika jambo hili, kwa sababu imejaa seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kuonyesha kila kigeni. Mwenye figo ya mtu mwingine hupewa dawa za kuilaza kinga yake maisha yote. Aliyeungua hawezi kupewa dawa hizo bila khatari kubwa, kwani ngozi, ambayo ndiyo ukuta wake, imekwisha kubomoka, na adui wake mkubwa ni vijidudu.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya kuhariri jeni. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza namna ya kukitumia kama mkasi chombo ambacho bakteria hukitumia kujilinda na virusi. Chajulikana kwa herufi CRISPR, na kiliwapatia tunzo ya Nobel mwaka 2020. Mkasi huu huongozwa mpaka kwenye jeni moja katika maelfu, ukaikata. Basi wataalamu wakafikiri: badala ya kuilaza kinga ya mgonjwa, kwa nini tusiziondoe alama katika ngozi yenyewe? Ukiikata jeni iitwayo B2M, alama za HLA za namna ya kwanza hazifiki tena juu ya seli. Ukiikata CIITA, zile za namna ya pili hazitengenezwi.

Lakini mwili una hikima kuliko hivyo. Umewekewa askari wa kundi jingine ambao kazi yao ni kuua seli isiyokuwa na alama yoyote, kama bawabu amzuiaye si mwenye cheti cha kigeni tu, bali hata asiye na cheti kabisa. Kwa hiyo hapana budi kuitia seli ile kitu cha kumtuliza askari huyo, kama proteni iitwayo CD47. Kwamba njia hii yawezekana ilionekana Sweden: mnamo Desemba 2024, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, mgonjwa wa kisukari alitiwa mkononi seli za kongosho za mtu mwingine zilizohaririwa kwa namna hii hii, asipewe dawa ya kulaza kinga, na majuma 12 baadaye seli hizo zilikuwa hai zikitoa insulini. Hizo ni seli za kongosho, si ngozi. Ngozi ya binadamu iliyohaririwa hivyo bado ni kazi ya maabara, na msomaji asimsadiki mtu amwambiaye kwamba yauzwa mahali.

Tena ina khatari yake, nasi hatupendi kuificha. Seli isiyoonekana na mlinzi, ikiingiwa na virusi au ikigeuka saratani, mlinzi hataiona vile vile. Na ngozi ndicho kiungo kinachopigwa na jua kila siku.

Ama nguruwe, khabari yake ni nyingine kidogo. Ngozi ya nguruwe wa kawaida ikiwekwa juu ya mtu haingoji hata hizo wiki mbili, kwa sababu seli zake zina sukari moja iitwayo alfa-gali ambayo wanadamu hatunayo. Bakteria wa matumboni mwetu wanayo, na kwa hivyo toka utotoni damu yetu imejaa kingamwili za kuipiga. Mapema katika karne hii, kabla ya mkasi tulioutaja, wataalamu waliweza kuzalisha nguruwe waliozimwa jeni ya kuitengeneza sukari hiyo. Mnamo Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, mgonjwa aliyeungua aliwekewa kipande hai cha ngozi ya nguruwe wa aina hiyo, sentimita 5 kwa 5, kando ya ngozi ya maiti ya binadamu. Baada ya siku 5 vyote viwili viliondolewa, na vilikuwa vimeshika sawasawa. Angalia vizuri: viliondolewa. Ngozi hiyo ni kifuniko cha muda, cha kuhifadhi maji ya mwili na kuzuia vijidudu mpaka ipatikane ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna aliyegeuzwa kuwa na ngozi ya nguruwe, kama mitaa yetu ilivyovumisha.

Na kwa wale wadhanio kwamba haya ni mambo ya makafiri tu, twawakumbusha kwamba miongoni mwa viongozi wa kazi ya kumtia mtu moyo wa nguruwe uliobadilishwa jeni 10, huko Baltimore mnamo Januari 2022, ni Muhammad Mohiuddin, Muislamu mzaliwa wa Pakistani. Mgonjwa aliishi miezi miwili. Hatusemi kwamba kushiriki kwake ni hoja ya kisharia. Twasema tu kwamba Waislamu wamo ndani ya chumba hicho, nao wahitaji fiqhi, si kelele.

Tuje sasa kwenye hukumu. Aya inayotajwa ni ya 119 katika Sura An-Nisaa, ambapo Shetani aapa kwamba atawaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Mungu. Mfasiri mkubwa Tabari amekusanya kauli za waliotangulia: wako waliosema ni kuhasi wanyama, wako waliosema ni kuchanja chale za pambo, na wako waliosema muradi wake ni kuibadili dini ya Mungu, na hii ndiyo aliyoikhitari yeye. Hakuna katika hao aliyesema kwamba ni kumtibu aliyeungua. Lau kila kurekebisha mwili kungalikuwa ni kubadili maumbile, tohara na kukata kucha vingalikuwa haramu. Tena tunayo khabari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuamuru afanye ya dhahabu. Na dhahabu ni haramu kwa wanaume! Basi ikiwa chenye kukatazwa kiliruhusiwa kwa ajili ya pua, vipi kuhusu mtoto ambaye bila ngozi atakufa?

Katika mwaka 2015 mtoto wa miaka 7, wa familia ya wakimbizi wa Syria, alifikishwa hospitalini Bochum, Ujerumani, akiwa na maradhi ya kurithi yaitwayo epidemolisisi bulosa, ambayo huibandua ngozi kwa mguso mdogo. Alikuwa karibu na kufa. Wataalamu wa Italia chini ya Michele De Luca walichukua kipande kidogo cha ngozi yake isiyokuwa na malengelenge, wakazitia seli zake jeni nzima mahali pa ile mbovu (hawakuikata kwa mkasi, bali walibebesha virusi), wakazikuza, na matabibu wakamfunika nazo asilimia 80 ya mwili. Hazikukataliwa, kwa kuwa ni zake. Mtoto akarudi shule. Atakayesema kwamba hili ni kubadili alivyoumba Mungu, na aeleze kama maradhi yale ndiyo aliyotaka Mungu yasitibiwe, ilhali Mtume ametuamrisha tujitibu.

Ngozi ya mtu mwenyewe, basi, haina shaka. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, na ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomwa katika misikiti yetu ya pwani, amesahihisha katika Minhaj kwamba mwenye kufikwa na njaa ya kufa yajuzu akate kipande cha mwili wake mwenyewe akile, ikiwa hakupata hata mzoga na khatari ya kukata ni ndogo. Kukata ngozi ya paja ili kuokoa shingo ni jepesi kuliko hilo. Kumkatia mtu mwingine yeye amekataza. Lakini baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mnamo Februari 1988, limetofautisha kile kinachoota tena, na likataja damu na ngozi kwa majina, likaruhusu kitolewe na mwenye akili timamu kwa ridhaa yake, bila kuuzwa. Sisi twaifuata kauli hiyo.

Kuhusu jeni zenyewe, baraza la fiqhi la Makka mwaka 1998 liliruhusu elimu hii itumike kwa kukinga na kutibu maradhi, pasi na kuleta dhara kubwa zaidi, na likazuia kuichezea nafsi ya mtu au kudai kuwatengeneza wanadamu bora. Kuhariri ngozi ya kupandikizwa kwaingia katika fungu la kwanza: jeni iliyokatwa hubaki katika kipande kile cha ngozi, haifiki kwenye mbegu ya uzazi, wala mtoto hairithi. Alichokifanya He Jiankui huko China mwaka 2018, alipohariri mimba za watoto wasiozaliwa, akafungwa kwa ajili yake, ni mlango mwingine kabisa, na hatukubali mtu auchanganye na huu ili kuhalalisha wala ili kuharimisha.

Lililo gumu ni nguruwe. Kwetu sisi Mashafii ni najisi nzito, hai na maiti, na kuizima jeni moja hakumtoi katika unguruwe wake. Hatuwezi kusema amegeuka kitu kingine. Lakini Nawawi katika Minhaj hiyo hiyo, mlango wa sharti za sala, ametaja mtu aliyeungwa mfupa kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara, akasema kwamba ana udhuru. Na kama kilicho tohara kilikuwepo, yampasa akitoe, ila akiogopa madhara yaliyo dhahiri. Maulamaa waliyaandika haya miaka mia saba iliyopita juu ya mifupa, na mtu angedhani wameyaandika juu ya Boston. Sharti ni moja: kukosa kilicho tohara.

Je, kimekosekana? Mara nyingi hapana. Ngozi ya mgonjwa yapatikana ikiwa hakuungua mwili mzima. Huko Fortaleza, Brazil, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ceará wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu. Nayo hutuliza maumivu na kupunguza kufungwa na kufunguliwa kidonda. Samaki huyu ndiye ngege wetu wa maziwani, tohara hata akifa. Ni kifuniko kisicho na uhai, na majeraha yaliyozama mpaka chini hayamtoshi, lakini kwa mengi yafaa. Daktari akisema, naye ni mwaminifu, kwamba hapana kingine cha kumwokoa mgonjwa ila kile cha Boston, basi hiyo ni dharura, na dharura ina ruhusa yake kwa kadiri yake.

Limebaki suala la ushahidi wa ngozi, lililotajwa katika Sura Fussilat. Ngozi ya juu ya kila mmoja wetu hubanduka na kuota nyingine kwa muda wa mwezi au zaidi kidogo; ngozi iliyotenda dhambi ya mwaka jana imekwisha kuwa vumbi la nyumba. Atakayezitamkisha ngozi ni Yule aliyekitamkisha kila kitu, wala hapotewi na paja la mtu likiwa shingoni. Wako pia wanaoichukua aya ya 56 ya An-Nisaa, itajayo ngozi zikibadilishwa Motoni, kuwa ni somo la upandikizaji. Twawaomba waiache aya ya kuonya ionye.

Kwa ibada, mwenye kufungwa jeraha aoshe palipo pazima, apanguse juu ya kitambaa kwa maji, na atayamamu kwa kile kilichofunikwa. Kama kitambaa kilifungwa bila tohara, au kimo katika uso au mikono, atairudia sala akipona. Aliyewekewa kifuniko cha nguruwe asali hivyo hivyo, ana udhuru maadamu kiko. Kikitolewa na kidonda kikikubali maji, mashuhuri ya madhehebu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini Nawawi mwenyewe, katika Majmuu, ameona kwamba kwa nguruwe dalili yenye nguvu ni kuosha mara moja, na kwa mgonjwa wa moto hiyo ndiyo tumfutuyo. Ama binti wa ndugu yetu, ngozi iliyo shingoni mwake ni yake, tohara. Anapooga ipitishiwe maji kama mwili wake mwingine, na matabibu wameelekeza ipakwe mafuta asubuhi na jioni na shingo inyooshwe polepole kila siku.